Hofu Husikiliza, Hasira Haisikii

Mwaka 2015, wiki tatu hivi kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, shangazi yangu alirudi nyumbani jioni sauti imemkauka. Miguu ina vumbi mpaka magotini, khanga kaifunga kibwebwe, jasho limemchora mistari usoni. Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa kampeni uwanja wa shule ya msingi, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilimwacha akilalamikia maji: bomba la mtaa lilikuwa halijatoa hata tone kwa wiki nzima, na ndoo ya muuza maji imepanda bei. Nikamuuliza, "Shangazi, mgombea kasema nini kuhusu maji?"

Akafikiri kidogo. "Kuhusu maji... We mwanangu, ungeuona ule umati! Watu wamepanda mpaka juu ya miembe." Kisha akaanza kuniimbia wimbo waliokuwa wakiuimba kule.

Kwa miaka kadhaa nilikisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba watu wetu hupiga kura kwa mihemko badala ya kutumia akili. Siku hizi sikubaliani tena na maneno hayo. Kwanza, sikuwa nimemsikiliza shangazi mpaka mwisho. Kesho yake, tukichambua mchele, aliniambia kilichomvuta. Mgombea aliposhuka kwenye gari aliwapita vijana waliovaa fulana za chama, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya akina mama wazee waliokaa chini ya mti, akawapa shikamoo mmoja mmoja kabla hajashika kipaza sauti. Mgombea mwingine, wiki iliyotangulia, alichelewa saa mbili na hakuomba radhi. "Huyu hatatudharau," alisema. Yaani ile hisia yake ilikuwa hukumu, na ilikuwa na ushahidi.

Watafiti wa ubongo wana sababu za kumuunga mkono. Antonio Damasio, daktari wa neva mwenye asili ya Ureno aliyefanya kazi Marekani, aliwachunguza wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokaa juu ya macho. Akili zao zilikuwa timamu. Hesabu waliziweza, kumbukumbu walikuwa nazo, mtihani wa akili walifaulu. Walichopoteza ni uwezo wa kuguswa na jambo. Mmoja wao aliambiwa achague siku ya kurudi kliniki kati ya tarehe mbili. Akafungua kitabu chake cha miadi, na kwa karibu nusu saa akawa anapima faida na hasara za kila tarehe: miadi mingine, hali ya hewa, kila kitu kinachoweza kufikirika. Mwishowe Damasio akamwambia aje siku ya pili. Mgonjwa akasema sawa, akafunga kitabu, akaondoka.

Mtu asiye na hisia hawezi kuchagua hata siku ya miadi, sembuse rais. Kwa hiyo swali la kama mpigakura ametumia moyo au kichwa halitufikishi popote, kwa sababu moyo umo katika kila kura. Linalofaa kuulizwa ni hisia gani iliyoamshwa, nani aliyeiamsha, na ilimfanya mtu afanye nini na masikio yake. Maana hisia hazifanani kwa kazi. Shangwe, hofu na hasira tunaziweka zote kwenye kapu moja la "mihemko", kumbe kila moja humpeleka mpigakura njia yake.

Nianze na shangwe, kwa kuwa ndiyo tunayoiona zaidi. Wanasayansi watatu wa siasa wa Marekani, George Marcus, Russell Neuman na Michael MacKuen, walieleza mwaka 2000 kwamba binadamu ana mifumo miwili ya hisia inayofanya kazi sambamba. Mmoja ni wa mazoea: mambo yakienda vizuri, mtu huendelea na alilolizoea, kwa furaha na bila kufikiri sana. Mwingine ni wa tahadhari, kama mbwa wa mlinzi. Hulala mpaka asikie mlio usio wa kawaida, kisha huamka na kumlazimisha mwenye nyumba achungulie nje. Shangwe hulisha ule wa kwanza. Ngoma, rangi za chama, msanii wa bongofleva anayetangulia jukwaani, vyote hivyo humwambia mtu kwamba yuko nyumbani, na wenzake ni wengi.

Mwenzao, Ted Brader, alilijaribu wazo hili mwaka 1998 wakati wa kinyang'anyiro cha kumpata mgombea ugavana wa chama cha Democratic jimboni Massachusetts. Alitengeneza matangazo ya kampeni ambayo maneno yake hayakubadilika, akabadilisha muziki na picha tu. Waliotazama tangazo lenye muziki wa furaha na watoto wanaotabasamu walizidi kushikilia mgombea waliyekuwa naye tangu mwanzo, na hamu yao ya kwenda kupiga kura ikaongezeka. Waliotazama lenye muziki wa kutisha na picha za giza walilegeza mkono. Uaminifu wao wa zamani ulipungua nguvu, wakawa tayari kupima upya kwa habari mpya.

Hapo ndipo ninapomwona shangazi na nyomi yake. Mkutano ule haukumgeuza kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ulimpa nguvu ya kuamka alfajiri siku ya kura na kukaa kwenye foleni. Wanaosema mikutano ya hadhara ni kupoteza fedha kwa sababu wanaohudhuria ni walewale wameiona nusu ya kwanza ya jambo tu. Walewale hao wasipotiwa joto hubaki nyumbani, na kura ya mtu aliyebaki nyumbani haihesabiwi.

Uchaguzi wa 2015 ulitupa pia mfano mkubwa wa jinsi upenzi unavyoweza kugeuza ushahidi. Hayati Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sababu ya sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na kwa miaka iliyofuata jina lake halikukauka kwenye majukwaa ya upinzani kila ufisadi ulipozungumzwa. Julai 2015 akahamia CHADEMA baada ya kukatwa jina na CCM, akawa mgombea urais wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Katika majuma machache tu, wengi waliokuwa wakimshutumu wakawa wanazungusha mikono hewani wakiimba mabadiliko, na wengi waliokuwa wakimsifu ndani ya CCM wakakumbuka Richmond ghafla. Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa CHADEMA, ambaye hakukubali, alitangaza kuachana na siasa za vyama. Wote hao walikuwa na taarifa zilezile. Kilichohama ni mapenzi, na hoja zikafuata nyuma kama tela.

Usidhani hilo ni letu peke yetu. Mwaka 2004, Drew Westen wa Chuo Kikuu cha Emory aliwaingiza wafuasi wa George Bush na wa John Kerry, wagombea urais wa Marekani, kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, akawaonyesha kauli za mgombea wao zinazopingana zenyewe kwa zenyewe. Sehemu za ubongo zinazohusika na kufikiri kwa utulivu hazikuchangamka sana. Zilizochangamka ni za hisia. Na walipopata njia ya kumtetea mtu wao, zikaonekana dalili za ubongo kujipa tuzo, kama mtu aliyetua mzigo. Kila upande uliuona ukinzani wa mgombea wa upande wa pili vizuri kabisa.

Sasa hofu. Hii ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote, na sidhani kama inastahili lawama yote inayopewa. Siku chache baada ya mkutano ule, uvumi ulienea mtaani kwetu kwamba upande mmoja ukishinda, nchi itaingia vitani. Shangazi hakulala vizuri. Lakini angalia alichofanya: alianza kusikiliza redio ya jirani kila jioni, pande zote mbili, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Alimuuliza mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili. Aliniuliza mimi. Hofu ilimfungua masikio. Ule mbwa wa mlinzi alikuwa amebweka, naye akatoka kuchungulia.

Hoja ya amani imekuwa kwenye kampeni za Tanzania tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Mwaka 1995, tulipofanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mitatu ya chama kimoja, vita vya Burundi vilikuwa vinaendelea na mauaji ya kimbari ya Rwanda yalikuwa yametokea mwaka mmoja tu nyuma. Kigoma na Kagera zilikuwa zimejaa wakimbizi. Mtu wa Ngara aliyeona maelfu ya watu wakivuka daraja la Rusumo hakuhitaji kusomewa maana ya kuvunjika kwa nchi. Hofu yake ilikuwa na chanzo cha kweli. Utapeli huanza pale mwanasiasa anapoichukua hofu ya kweli na kuifungia kwenye jina la mpinzani wake bila kuonyesha kinachounganisha vitu hivyo viwili. Hofu hufungua masikio, naam, lakini hayo masikio yaliyofunguliwa huingiwa na anayewahi kusema, na si lazima awe mkweli.

Na kuna aina ya hofu inayofunga. Ni hofu ya jirani. Wataalamu wawili, Michael Bratton na Mwangi Kimenyi, walichambua maoni ya Wakenya yaliyokusanywa muda mfupi kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007. Walichokikuta kinasikitisha kwa namna ya pekee. Wakenya wengi hawakutaka kujitambulisha kwa kabila. Walijiona kwanza kuwa Wakenya, wakulima, wafanyabiashara, na sera ziliwagusa. Lakini kila mmoja aliamini kwamba wenzake wa makabila mengine watapiga kura kikabila. Basi naye, ili asiachwe peke yake uwanjani, akapiga kikabila. Kura ya kujihami. Hebu fikiria: watu wasiotaka ukabila wanajikuta wameujenga kwa mikono yao, kwa sababu kila mmoja anamwogopa mwenzake ambaye naye anamwogopa yeye. Yaliyofuata baada ya matokeo kutangazwa yanajulikana. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu walikimbia makwao.

Ndiyo maana kauli kama "zamu yetu ya kula" au "wale wakishika nchi tumekwisha" zina nguvu kuliko ukurasa wowote wa ilani. Zinamwambia mtu kwamba hana nafasi ya kuchagua, anayo nafasi ya kujikinga tu.

Nakuja kwenye hasira, na hapa nitakaa, kwa kuwa ndiyo inayoniumiza kichwa.

Tulikuwa na kijana mmoja wa bodaboda pale kijiweni. Pikipiki yake ilikamatwa, ikakaa miezi, na kila alipoifuata aliambiwa aje kesho. Msimu wa kampeni ulipofika, hukuweza kuzungumza naye sera yoyote. Ukimweleza mgombea wa upande anaoupenda amesema hili kuhusu kodi na lile kuhusu barabara, anakukatisha: "Mimi nawakomoa tu. Hata wakisimamisha jiwe, nalipigia kura." Kura ya hasira, wenyewe tunaiita. Kukomoa ni neno linaloeleza jambo zima: mtu haangalii atapata nini, anaangalia yule ataumia kiasi gani.

Hasira na hofu huonekana ndugu kwa sababu zote ni za uchungu. Katika siasa hazifanani. Nicholas Valentino na wenzake walionyesha kwamba wananchi wenye wasiwasi hutafuta habari zaidi na kujifunza, lakini wenye hasira hawatafuti. Wanachofanya wenye hasira ni kujitokeza: kuandamana, kuchangia, kupiga kura. Jennifer Lerner na Dacher Keltner nao walionyesha mwaka 2001 kwamba mtu mwenye hofu huiona hatari kubwa kila mahali, ilhali mwenye hasira huiona ndogo na hujiona ana uwezo juu yake. Ukiunganisha hayo unampata mpigakura anayejitokeza kwa wingi, haulizi maswali, na haogopi matokeo. Kwa mwanasiasa huyo ni dhahabu. Kijana wetu wa bodaboda alikuwa na haki kabisa ya kukasirika. Alidhulumiwa. Lakini hasira yake ilikuwa imelenga mtu wa kumwadhibu na haikuwa imeuliza ni utaratibu gani ungemrudishia pikipiki, au kumkinga dereva mwingine asikutwe na yaleyale.

Kenya ya 2013 inaonyesha hasira ikichanganywa na fahari. Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa pande mbili tofauti mwaka 2007, na watu wa jamii zao waliuana Bonde la Ufa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipothibitisha mashtaka dhidi yao Januari 2012, wengi walidhani safari yao ya ikulu imekwisha. Badala yake wawili hao waliungana, wakazunguka nchi kwenye mikutano ya maombi, na kesi ikageuka kuwa hadithi ya wageni wanaotaka kuwachagulia Wakenya kiongozi. Mwezi mmoja kabla ya kura, Johnnie Carson, ofisa wa juu wa Marekani wa masuala ya Afrika, akasema kila uamuzi anaofanya mtu una athari zake. Alikusudia kuonya. Wafuasi wengi waliisikia kama tusi, na tusi kutoka kwa mgeni huwaunganisha hata waliokuwa hawasalimiani. Uhuru alishinda kwa asilimia 50.07. Aibu iliyotarajiwa kumwangusha iligeuzwa fahari, kwa sababu kundi likijiona limezingirwa, kosa la mtu wake huonekana kama jeraha la wote.

Miaka tisa baadaye Ruto alitumia hisia nyingine kabisa, ile ya mtu aliyechoka kudharauliwa. Alikuwa naibu rais kwa karibu miaka 10 na tajiri mkubwa, lakini akasimulia alivyouza kuku kando ya njia ya reli, bila viatu, na wilibaro ikawa alama ya chama chake. Hasla, yaani mnyonge anayejitafutia riziki, dhidi ya wana wa vigogo. Mama mboga na mtu wa boda wakajisikia wametajwa kwa jina. Eneo la Mlima Kenya, ambako mgombea mwenza wa mpinzani wake, Raila Odinga, alitoka na ambako rais aliyekuwa anaondoka alimpigia Raila debe, lilimpa Ruto kura nyingi. Tabaka lilivuka kabila, na hilo halikuwa jambo dogo. Alipata asilimia 50.49. Lakini matumaini ni deni. Juni 2024, vijana waliojaza barabara za Nairobi kupinga Muswada wa Fedha na kuingia bungeni walikuwa wa kizazi kilekile kilichoahidiwa kwamba zamu ya mnyonge imefika.

Kuna mvuto mwingine ambao haupigi kelele kabisa: sura. John Antonakis na Olaf Dalgas waliwaonyesha watoto wa Uswisi picha za wagombea wawili wawili wa uchaguzi wa wabunge wa Ufaransa, wakawaambia wanafanya safari ya baharini na wachague nahodha. Watoto hawakuwajua watu wale. Takribani mara 7 kati ya 10, nahodha wao alikuwa ndiye aliyeshinda uchaguzi. Karatasi yetu ya kura ina picha ya kila mgombea, na ni vizuri iwe nayo, kwa kuwa inamsaidia asiyejua kusoma. Ila mtu ajue kwamba jicho lake hutoa hukumu kabla yeye hajaanza kufikiri, hasa kwenye udiwani ambako huenda hajawahi kumsikia hata mmoja wao.

Na zawadi. Kwa miaka kadhaa sheria yetu iliruhusu takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Tunazoea kudhani khanga na kofia vinanunua kura kama mtu anavyonunua sukari. Kwa ninavyowajua akina mama wa mtaani kwetu, kinachowashika hasa ni haya. Umekula cha mtu, utamgeukaje? Wenye fedha wanaijua sana adabu hiyo ya shukrani, na inaniudhi kwamba kitu kizuri namna ile katika malezi yetu ndicho kinachogeuzwa mtego.

Siku hizi jukwaa limeingia mfukoni. Kwenye kampeni za Kenya za 2017 zilisambazwa mtandaoni video zinazomchora Raila kama mtu atakayeleta njaa, magonjwa na umwagaji damu. Kwenye uwanja wa shule, angalau unaona jirani yako anavyoguna mgombea akitia chumvi. Ujumbe unaokufikia saa tano usiku ukiwa kitandani hauna wa kuguna, na aliyeutuma amejua tayari unaogopa nini.

Mimi nimejiwekea zoea moja msimu wa kampeni. Nikijisikia nimepandwa na jambo, najaribu kulitaja kwa jina: hii ni hofu, au ni hasira, au nimebebwa na ngoma tu? Ikiwa hofu, natafuta habari kwa watu wawili wasiopendana. Ikiwa hasira, nasubiri siku mbili kabla ya kusambaza chochote. Si kwamba huwa naweza kila mara.

Oktoba 25 shangazi alirudi kutoka kituoni na wino kidoleni. Sikumuuliza kampa nani, na yeye asingeniambia. Alichoniambia ni kwamba alipoingia kwenye kituturi alisimama muda mrefu na karatasi mkononi, mpaka msimamizi akamuuliza kama anahitaji msaada.

"Nikamwambia hapana, baba," alisema, huku akivua viatu mlangoni. "Nilikuwa nahesabu ndoo nilizonunua mwezi ule."